Nyuzi

Walimpima Jumanne, saa tatu asubuhi,
kwa kipande cha plastiki kama cha mtoto wa darasa la sita,
ncha moja pajani, ncha moja muundini.
"Kunja," akasema daktari. Akakunja.
Mimi nilikuwa kiti cha kona, koti lake mapajani mwangu,
nikaliona jasho likimtoka juu ya mdomo,
mwezi wa pili, Duluth, theluji ikiwa imemeza magurudumu ya magari nje.
"Inauma?"
"Kidogo tu."
Kidogo tu! Ewe Lyle Haugen.
Alikunja kama aliyeamriwa na sajini,
hadi nyuzi mia na kumi,
na daktari akaandika mia na kumi.

Hakuandika ngazi.
Ngazi yetu ina vidato kumi na vinne.
Usiku ule alivipanda kwa makalio, kinyumenyume,
nami jikoni nikisugua sufuria niliyokwisha kuisugua.

Asilimia kumi, ilisema barua.
Sikio lake linalovuma mchana kutwa
lilipewa kumi vilevile, wala halikuulizwa likunje kitu.
Kumi na kumi kwa hesabu yao ni kumi na tisa,
maana mtu aliyekwisha kupunguzwa
hupunguzwa tena katika kile kilichobaki.
Kisha huikaza tisa ikafika ishirini.
Nilicheka mpaka nikakohoa.

Nyuzi za kwanza zilikuwa nyeusi, kumi na saba,
alishonwa Ujerumani mwaka wa themanini na saba.
Hakupigwa risasi. Aliteleza.
Barafu juu ya kifaru, sanduku la spana mkononi,
hakuna vita, hakuna bendera,
saa kumi na moja alfajiri na njaa ya chai.
Ndiyo maana anaona haya.
Curtis Maki aliiacha miguu yote miwili jangwani,
na Lyle akikutana naye kliniki
hutazama dari kama mtu aliyeiba kuku.
Ni Curtis huyohuyo aliyemwambia,
akigeuza kiti chake cha magurudumu katikati ya njia:
"Nilikuwepo ulipoanguka, mpumbavu wewe.
Nilisikia goti. Lete fomu nitie sahihi."

Kuna fomu nyingine, ya mke.
*Eleza kwa maneno yako mwenyewe.*
Miaka thelathini na mitano nimekuwa stara yake:
nimesema amechelewa, nimesema ana mafua,
nimesema hapendi tena kuvua samaki kwenye barafu,
kumbe hawezi kuinuka juu ya ndoo.
Mficha maradhi, wanasema.
Hawana methali ya mke wa mficha maradhi.

Nikaandika.
Kwamba kanisani wote hupiga magoti, yeye huinama mbele
kama anayetafuta kitufe.
Kwamba goti lilimtoka mlangoni mwa duka la rangi
akamshika mwanamke asiyemjua.
Kwamba mjukuu wetu alikimbilia barabarani
na aliyemkamata ni jirani.
Kwamba siku ile ya plastiki ilikuwa siku njema,
na siku njema kwa mwezi ni nne, au tano.
Kwamba alitambaa.

Nilimsomea mezani, mfuko wa njegere za barafu
ukimtonea gotini, maji yakiingia soksini.
Hakusema neno mpaka nilipofika *alitambaa*.
Akanyoosha mkono.
Nikadhani, basi, anafuta.
Nikampa kalamu hata hivyo; barua ni yangu, goti ni lake.

Akarudi nyuma, ukurasa wa kwanza,
akakata *kumi na vinne*,
akaandika juu yake, kwa mwandiko wake wa fundi,
*kumi na vitatu*.

"Wewe huwa unavipanda tu," akasema.
"Mimi ndiye ninayevihesabu."